Viungo vya Safari Hukaangwa Kabla ya Safari

Mkazi wa Chanika, Dar es Salaam, anayependa kutembea na shanta mgongoni hana haja ya kwenda mbali. Msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi uko jirani, na mwenye siku nyingi zaidi anaweza kupanda daladala, kisha basi, akaenda Uluguru, Usambara au Kilimanjaro. Kinachowachosha wengi ni sufuria. Jioni ya kwanza wali na dagaa huliwa kwa hamu. Jioni ya tatu wali uleule hubaki nusu, na mtu hulala na njaa aliyojitakia wakati kesho yake ana mlima wa kupanda. Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni kuongeza aina za viungo: tafuta hiki, ongeza na kile. Naona ushauri huo haugusi tatizo lenyewe. Karibu kila kiungo anachohitaji msafiri kinapatikana kwenye magenge na maduka ya mitaani Chanika, na kisichopatikana hapo kipo Kariakoo. Tatizo ni kwamba viungo hubebwa vikiwa havijapikwa, vikitarajiwa kuivia njiani, mahali ambapo haviwezi kuiva.

Sababu iko kwenye maumbile ya viungo vyenyewe. Harufu ya karafuu, iliki, mdalasini na bizari nyembamba imo ndani ya mafuta yake ya asili, na mafuta hayo hayaelewani na maji. Ukali wa pilipili na rangi ya manjano navyo huyeyuka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ndiyo maana mpishi wa pilau wa Pwani hutia viungo kwenye mafuta na vitunguu kwanza, na maji huja baadaye. Zaidi ya hapo, bizari nyembamba na giligilani zikikaangwa hupata harufu mpya ambazo punje mbichi hazikuwa nazo, na harufu hizo huzaliwa kwenye joto linalozidi nyuzi 100 za Selsiasi. Maji yanayochemka hayafiki huko, hata ukiyachochea moto usiku kucha.

Mlimani hali huwa mbaya zaidi. Kila unapopanda kama mita 300, kiwango cha kuchemka cha maji hushuka kwa takriban nyuzi moja. Kwenye kilele cha Kimhandu kule Uluguru, kinachozidi mita 2,600, maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, ni nyuzi 85 au pungufu kidogo, na ndiyo maana maharage makavu hukataa kuiva huko hata yakichemshwa kwa saa nyingi. Mweke sasa msafiri mwenye jiko dogo la gesi, sufuria moja na mtungi anaouhesabia kila dakika. Atamimina mchele, maji, chumvi na kijiko cha unga wa viungo kwa pamoja. Atakachokula ni wali wenye rangi ya viungo na ladha ya vumbi, kisha atailaumu bizari.

Kazi inayostahili moto mkali, basi, ifanywe jikoni nyumbani usiku wa kuamkia safari. Hatua zake ni chache, ila mpangilio una maana. Nunua viungo vizima, vichambue, kisha vikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka vinukie. Bizari ikianza kutoa moshi umechelewa, itakuwa chungu. Viache vipoe kabisa kabla ya kuvitwanga kwenye kinu au kuvisaga, kwa sababu unga wa moto hutoa mvuke ndani ya chombo na kuganda. Baada ya hapo pasha mafuta ya kupikia kidogo, epua, tia unga, koroga. Unapata rojo nzito ambayo harufu yake imeshatoka ndani ya punje na kuingia kwenye mafuta. Rojo hiyo haihitaji tena joto la kikaango: ukiitia kwenye wali uliokwisha kuiva, hata kwa maji ya nyuzi 85, inafanya kazi yake.

Suala la aina mbalimbali nalo linaonekana vingine ukilitazama hivi. Msafiri wa siku nne hahitaji viungo kumi na viwili. Anahitaji rojo mbili zinazotofautiana kweli, na vitu viwili vya kuzigeuza. Rojo ya kwanza ni ya pilau: bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, mdalasini, karafuu chache. Ya pili ni ya mchuzi: giligilani, manjano, tangawizi kavu, pilipili. Vya kugeuza ni uchachu na kitoweo kikavu, na hapa nadhani Pwani yetu ina utajiri tusioupa heshima yake. Unga wa ubuyu ni mkavu, mwepesi, mchachu, na hauhitaji kupikwa. Ukwaju mkavu hufanya kazi hiyohiyo kwenye adesi. Ndugu zetu wa Oman hutumia ndimu zilizokaushwa nzima, nazo hubebeka bila shida. Upande wa pili kuna dagaa na uduvi: vikikaangwa na kusagwa, kijiko kimoja hutia utamu wa nyama kwenye sufuria isiyo na nyama. Mchele uleule ukiliwa leo na rojo ya pilau na unga wa dagaa, kesho na rojo ya mchuzi, tui la unga na ubuyu, ulimi hauvioni kuwa chakula kimoja. Chai ina mchanganyiko wake wa tangawizi, iliki na mdalasini, nao ubaki mkavu, usiguswe na mafuta.

Wapo watakaosema mafuta ni mzigo. Hesabu inasema kinyume. Gramu 100 za mafuta ya kupikia zina takriban kalori 900. Gramu 100 za mchele mkavu zina kama 360. Kwa mtu anayetembea kutwa, hakuna kitu ndani ya shanta kinacholipa uzito wake kuliko mafuta. Hoja ya kumwagika ndiyo ina uzito, na jibu lake ni chombo: kichupa kidogo cha plastiki ngumu chenye kifuniko cha kuzungusha, kwa mfano cha dawa kilichooshwa na kukaushwa vizuri. Wengine watasema vipakti vya kiungo cha mchuzi vya dukani vinatosha. Soma maelezo ya nyuma ya pakiti: mara nyingi kinachotajwa mwanzo ni chumvi, kisha wanga. Chumvi inahitajika kwa anayetoka jasho, lakini chumvi ni rahisi kuinunua yenyewe. Pakiti hizo zinafanya kila chungu kiwe na ladha moja, na hilo ndilo tulilokuwa tunalikimbia.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la usalama. Rojo iliyotengenezwa kwa viungo vikavu na mafuta haina maji ya kulisha bakteria, hivyo hukaa siku kadhaa bila friji. Mambo hubadilika ukitia kitunguu saumu kibichi au tangawizi mbichi. Kitunguu saumu kibichi kikizamishwa kwenye mafuta na kuachwa kwenye joto la kawaida huweza kukuza bakteria wa sumu ya botulini, sumu inayoua na isiyotangaza kuwapo kwake kwa harufu wala ladha. Tumia kitunguu saumu cha unga, au beba punje zake nzima na uzimenye kambini. Katika hili sioni nafasi ya kujaribu bahati.

Usalama huohuo ndio unaonifanya nisisitize viungo vizima badala ya unga wa kupima. Unga huficha mengi. Huko Bangladesh watafiti walieleza mwaka 2019 jinsi manjano ilivyokuwa ikipakwa kromati ya risasi ili ing'ae, na risasi hiyo ikawa inaingia kwenye damu za walaji, wakiwamo wajawazito. Sisemi hilo linafanyika kwetu. Nasema punje nzima ya pilipili manga, kijiti cha mdalasini na ganda la iliki huonekana kwa macho: ukungu unauona, wadudu unawaona, na ukivunja kimoja pua inakuambia umri wake. Unga hupoteza harufu haraka kwa sababu kusaga huacha mafuta yake wazi kwa hewa, na unyevu wa Dar es Salaam huuharakisha uharibifu. Kwa safari ya wiki mbili, ambayo rojo haiwezi kuimaliza ikiwa bado nzuri, beba viungo vilivyokaangwa vikiwa vizima na uviponde kwa jiwe siku ya kupika.

Wapo pia wanaoona kuwa kuhangaikia ladha porini ni anasa. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji walibeba mizigo inayokaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, na chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa iliyouzwa mbali katika maeneo ya magharibi ya Tanzania ya leo. Watu waliojua uzito wa kila ratili mabegani walikubali kuibeba ladha. Leo mpagazi wa Kilimanjaro amewekewa kikomo cha kilo 20 za mzigo wa mgeni, na viungo vya mtu mmoja kwa siku tano, pamoja na mafuta yake, havifiki robo kilo.

Kinachobaki kiko mikononi mwa wauzaji. Mnunuzi wa Chanika leo akishika kipakti cha bizari iliyosagwa hana njia ya kujua kama ilisagwa juzi au mwaka jana. Wenye magenge na mashine za kusaga waandike tarehe ya kusaga kwenye kila pakiti, na waweke viungo vizima mbele, mahali mteja anapoweza kuvishika na kuvinusa kabla ya kulipa.