Nywele Zetu na Kasumba

Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, nayo mawigi yakapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Shabaha yake ilikuwa njema, lakini njia ilikuwa na kasoro. Wigi huvuliwa kwa amri. Kasumba haivuliki hivyo.

Ushahidi tunao katika saluni za Bukoba na Muleba. Msichana mwenye nywele za kipilipili huaminishwa kwamba urembo ni nywele ndefu za singa, kisha hutiwa dawa. Baadhi ya dawa hizo zina kostiki soda, ambayo hudhoofisha unywele na kuunguza ngozi. Tena, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliohusu wanawake zaidi ya 33,000, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele mara kwa mara walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya maradufu ya wasiozitumia.

Nywele za kipilipili nazo hukua, karibu sentimita 1 kwa mwezi. Huonekana fupi kwa kuwa zimejikunja, na kwa kuwa hukatika zikikauka, zikichanwa kwa nguvu au zikisukwa kwa kukazwa mno. Mama anayezilainisha kwa maji na mafuta, akazichana kwa chanuo kuanzia nchani, akasuka bila kukaza, ana elimu kamili.

Hatuna budi kuifundisha elimu hiyo. Marufuku humwondolea binti wigi tu. Elimu humrudishia kichwa chake.