Pongezi kwa Waongoza Watalii wa Mbarara

Mwongoza watalii wa Mbarara, nchini Uganda, anastahili pongezi, kwani kwa siku moja, akiwa na familia moja tu garini, huwapitisha wageni katika karne tano za historia. Ziara huanzia Biharwe, kando ya barabara ya Masaka, kwenye Kituo cha Utamaduni cha Igongo na makumbusho yake ya Eriijukiro. Jirani upo mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520, tukio ambalo masimulizi hulihusisha na vita vya mfalme Olimi wa Bunyoro. Hufuata makaburi ya Nkokonjeru, walikozikwa Kahaya II na Gasyonga II, wafalme wa Ankole. Hapo mwongozaji hueleza jinsi ufalme huo ulivyofutwa mwaka 1967. Mwisho ni Nakivale wilayani Isingiro, makazi yaliyopokea wakimbizi wa Rwanda tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na baadaye Wakongo, Warundi na Wasomali. Mwongozaji mwema huomba kibali mapema, hupiga picha kwa idhini tu, na huwaachia wenyeji nafasi ya kujisimulia. Kwa uangalifu huo, historia hufundishwa bila kumvunjia mtu heshima.