Hesabu ya Zebaki Mlimani Puy de Dôme

Tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer, shemeji yake mwanachuoni Blaise Pascal, aliupanda mlima wa Puy de Dôme ulio karibu na mji wa Clermont katika Ufaransa, akiwa na mrija wa kioo na zebaki, baada ya kuacha mrija wa pili kama huo mjini, katika bustani ya watawa, ambapo mmoja wao aliuangalia mchana kutwa. Na shabaha ya Périer na Pascal ilikuwa kupata yakini kwamba zebaki husimama mrijani kwa kuwa hewa ya nje huielemea kwa uzito wake, na kwamba mtu akikwea juu, hewa iliyosalia juu yake ikapungua, zebaki haina budi kushuka. Ikashuka. Mjini ilisimama inchi 26 na mistari mitatu na nusu. Kileleni, inchi 23 na mistari miwili. Nami kazi ya yule mtawa naitukuza sana, maana lau mrija wake nao ungalibadilika, wangalisema watu kwamba ni hali ya hewa tu ya siku ile.

Habari hii husimuliwa aghalabu pasipo hesabu yake, ilhali hesabu ndiyo inayotuonyesha hewa ilielemea kwa kiasi gani. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo inaloliangukia, nayo twaipima kwa paskali, yaani nyutoni moja juu ya mita moja ya mraba. Basi kila kipimo cha Périer sharti kigeuzwe kabla ya kugawanya. Inchi yake ilikuwa ya Ufaransa ya zama zile, yenye mistari 12 na urefu wa milimita 27.07. Kipimo cha mjini basi, yaani inchi 26.29, ni milimita 711.7, yaani sentimeta 71.17.

Sasa tutwae nguzo ya zebaki yenye kitako cha sentimeta moja ya mraba. Ujazo wake ni sentimeta 71.17 za ujazo, na kwa kuwa kila moja ina gramu 13.6, jumla ni gramu 967.9, au kilo 0.9679. Kilo si kani. Tuzidishe kwa 9.81, mvuto wa dunia, ndipo tupate nyutoni 9.495.

Hapa kwenye eneo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Maadamu mita ina sentimeta 100, hudhani kwamba mita ya mraba ina sentimeta 100 za mraba, wakasahau kwamba kuna 100 za urefu na 100 za upana, ambazo zikizidishana huwa 10,000. Sentimeta moja ya mraba, basi, ni mita 0.0001 za mraba, na nyutoni 9.495 zikigawanywa kwa hiyo huleta paskali 94,950. Mwenye kugawanya kwa 0.01 atapata paskali 949.5, na jawabu hilo lajikanusha lenyewe, kwani hewa dhaifu kiasi hicho isingeweza kuinua zebaki zaidi ya milimita saba, na Périer aliiona kwa macho yake imesimama zaidi ya nusu mita. Unene wa mrija haudhuru kitu: kitako kikiwa maradufu, uzito nao huwa maradufu, na mgao ukabaki ule ule.

Kwa njia hiyo hiyo kilele chatoa paskali 83,670, yaani mlima uliondoa kiasi cha paskali 11,280. Lakini mtu akisoma inchi za Périer kama inchi za Kiingereza za milimita 25.4, kipimo cha mjini humwangukia paskali 89,100, akawa amepoteza paskali 5,850 hapo hapo Clermont, zaidi ya nusu ya zile zilizoondolewa na mlima, kabla hajapanda hata hatua moja.