Bikira na Umubikira: Kuisoma Upya Rosa Mistika Tukiwa Bujumbura

Uhakiki wa riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi umezunguka kwa muda mrefu suala la malezi. Zakaria ni mlevi na mkali. Anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume, na anapokuwa mbali na macho ya baba, anapotoka. Usomaji huu si wa uongo, na riwaya yenyewe inauruhusu. Kwa kitabu kilichowahi kuzuiwa katika shule za Tanzania, ulikuwa pia usomaji salama: mwalimu akisema kwamba riwaya inawaonya wazazi, halazimiki kusema kwamba inazungumzia ngono.

Makala hii inashikilia kwamba kitovu cha riwaya hakipo kwa Zakaria peke yake. Kipo pia kwa Charles. Huyu ndiye aliyeandika ile barua iliyomletea Rosa kipigo, na ndiye anayekuja baadaye kuwa mchumba wake. Anapogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Wahakiki wamezoea kuwaweka wanaume hawa wawili katika pande mbili, mmoja dhalimu wa kizazi cha zamani, mwingine kijana msomi mwenye mapenzi. Naona wanakubaliana kuliko tunavyodhani. Kwa wote wawili, ubikira wa Rosa ni jambo ambalo mtu mwingine ana haki ya kulijua na kulitolea hukumu. Zakaria anaulinda, Charles anaukagua. Rosa mwenyewe hana pa kusimama na kusema neno juu yake.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi mtu akiisoma riwaya hii Bujumbura. Msomaji wa Kirundi anapokutana na neno bikira katika ukurasa wa Kiswahili, hamfikirii kwanza msichana asiyewahi kulala na mwanamume. Kirundi kina neno lake la hali hiyo, yaani isugi. Neno la Kiswahili liliingia Burundi kupitia Kanisa Katoliki, na huku likazaa umubikira, yaani sista wa shirika la kitawa. Ababikira, kama wale wa Bene Tereziya, watu huwajua kama walimu na wauguzi. Wanaitwa hivyo kutokana na nadhiri waliyoiweka, si kutokana na hali ya mwili iliyothibitishwa na mtu. Mjane anaweza kuingia utawani akaitwa umubikira, wala hakuna atakayeona kichekesho.

Neno moja, basi, limefuata njia mbili. Katika Kiswahili cha pwani, ambako lilitoka Kiarabu, bikira ni neno la ushahidi. Kisarawanda hutandikwa ili kionekane, na kungwi husubiri ili apate la kwenda kusema. Katika fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyoenea pwani, tofauti baina ya bikira na mwanamke aliyekwisha kuolewa inagusa hata ridhaa: kimya cha bikira huhesabiwa kuwa ni kukubali, ilhali yule mwingine hutakiwa atamke. Hapa ubikira unaamua nani aseme kwa niaba ya nani. Katika Kirundi cha Kanisa, neno lilelile limekuwa jina la mtu aliyesema mwenyewe, mbele ya watu, kwa kinywa chake.

Sarufi nayo inashuhudia. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kirundi kinafanya vivyo hivyo katika kurongora na kurongorwa. Kitenzi bikiri mtendaji wake ni mwanamume na mtendwa wake ni mwanamke. Tukitaka kumsema mwanamume asiyewahi kufanya tendo hilo, hatuna budi kuongeza kivumishi au maelezo, kama vile "kijana bikira", na usemi huo hausikiki kwa urahisi masikioni. Msichana husemwa kuwa "ameharibika", lakini hatuna kitenzi cha kawaida cha kumsema mvulana aliyeharibika pamoja naye. Charles analindwa na lugha kabla hata hajalindwa na mila. Swali analomtwisha Rosa, yeye mwenyewe haliwezi kumfikia, kwa sababu neno la kuliulizia halikushonwa kwa kipimo chake.

Hapo ndipo jina la riwaya linapopata uzito ambao usomaji wa malezi huupita haraka. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Kezilahabi, aliyepitia seminari, hakuliokota ovyo. Wengine wameliona kuwa ni kejeli: msichana mwenye jina takatifu na maisha yasiyo matakatifu. Kejeli ipo, lakini inamwelekea nani? Maria wa Injili anaulizwa, anahoji, kisha anakubali kwa maneno yake mwenyewe. Rosa haulizwi chochote mpaka saa ya kukaguliwa. Riwaya inapomfikisha yeye na baba yake mbele ya hukumu ya Mungu, anapata baraza la kumshtaki Zakaria, na limechelewa.

Huenda msomaji akauliza kongamano la lugha lina haja gani na mambo haya. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliwataka watu wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe ndoa zao kabla ya tarehe 31 Desemba, katika kampeni iliyoitwa ya kuadilisha jamii. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu iliwafungia shule rasmi wasichana waliopata mimba pamoja na wavulana waliowapa mimba, kisha agizo hilo likafutwa baada ya muda mfupi. Tanzania, nchi ya Rosa, Rais Magufuli alisema Juni 2017 kwamba mwenye mimba hatarudi shuleni, na msimamo huo ulidumu hadi Novemba 2021. Agizo la Burundi lilikuwa na usawa wa maandishi ambao kauli ya Tanzania haikuwa nao. Hata hivyo, tumbo la msichana hujitangaza lenyewe, na mvulana hujulikana tu akitajwa. Sheria inayotegemea ushahidi wa mwili itamkuta Rosa kila mara, na Charles kwa nadra.

Riwaya hii ikitafsiriwa siku moja kwa Kirundi, mfasiri atakwama mahali pamoja. Charles anapopima thamani ya mchumba wake, neno litakuwa isugi, kwa kuwa hakuna lingine linalofaa kinywani mwake. Lakini jalada litabaki na jina la Bikira, ambalo kwa wasomaji wa Bujumbura ni la mwanamke aliyeweka nadhiri mwenyewe. Katika Kiswahili maana hizo mbili zimekaa ndani ya neno moja, nasi tumeisoma riwaya kwa miaka zaidi ya hamsini bila kuzitenganisha. Kirundi kitamlazimisha mfasiri kuzitenganisha tangu ukurasa wa kwanza.