Msukuma wa Klipu Anavyotengenezwa

Pamba ikimwangusha kijana wa Kisukuma wa Nassa, Busega, barabara ya Mwanza–Musoma i karibu. Anapanda gari kwenda Mwanza, baadaye Dar kutafuta kazi ya ulinzi au kubeba zege. Wengine wameswaga ng'ombe hadi Rufiji na Kilombero. Klipu za vichekesho za TikTok na Instagram huwafanya wote hao mtu mmoja: kashuka Stendi ya Magufuli, Mbezi, na begi la shangazi kaja, fimbo, shuka na katambuga, anashangaa maghorofa.

Anza na kamera. Anayeonekana kwanza ni wa mjini, kajiegesha kwenye kochi, anakula chipsi. Tumeshamzoea ndipo mgeni anabisha hodi. Kuanzia hapo, kila mgeni akifungua mdomo picha inarukia uso wa mwenyeji, inavutwa karibu, mlio wa kicheko unabandikwa. Tunachekeshwa na ule uso uliokunjwa. Uondoe, uone: mara nyingi mgeni ameuliza jambo la maana kabisa, kwa mfano kwa nini chumba kilipiwe kodi ya miezi sita kwa mpigo.

Lafudhi hufanywa kivivu zaidi. Kila r inageuzwa l, kazi imekwisha. Ni kweli Kisukuma cha asili hakina r. Lakini kina irabu saba, fupi na ndefu, na sauti zake hupanda na kushuka kwa toni. Wimbo huo ndio sisi Wasukuma tunaoingia nao kwenye Kiswahili, hata msomi wetu ambaye r zake zimenyooka. Mwigizaji asiyeusikia anatoa mtoto anayejifunza kusema, si mtu wa Busega.

Runingani mambo yalikuwa tofauti: enzi za kipindi cha Ze Comedy kule EATV, na baadaye Orijino Komedi ya TBC1, Emmanuel Mgaya alivaa jina la Kisukuma, Masanja Mkandamizaji. Mhusika wa kila wiki hupata nafasi ya kuwa na tabia. Wa klipu ya dakika moja ana mavazi tu.

Watetezi husema huu ni utani. Sawa, utani tunaujua. Uliimarika kwenye misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walipopita kwa Wazaramo wakielekea Bagamoyo. Mtani alikutukana, ukamrudishia, na siku ya msiba akaja kuzika. Kwenye klipu, mwigizaji huyohuyo mara nyingi anabadili kofia na kucheza pande zote mbili, kwa hiyo jibu la mgeni nalo ameliandika mwenyeji.

Kumlenga mgeni huyu kuna pia sababu ya woga. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli, naye mtu wa Kanda ya Ziwa. Kumcheka mlinzi wa getini hakuna polisi. Sishangai vichekesho vingi vikashukia kwake.

Mbinu ya kugeuza mchezo ni rahisi, na gharama yake ni salio tu: mgeni apigiwe simu kutoka nyumbani. Aitikie mwangaluka, apange bei ya ndama, amgombeze mdogo wake, acheke, yote kwa Kisukuma cha kasi, kamera ikiwa kwake muda wote. Maandishi ya tafsiri yasiwekwe. Mwenyeji aachwe pembeni ya picha na chipsi zake, akiuliza, "Wanasemaje?"