Nani Atie Sahihi Kwanza? Uhalifu na Chanzo Chake katika Sinema

Katika jamii iliyogawanyika kitabaka, sheria haiwezi kuelezwa kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni, na uhalifu nao hauwezi kuelezwa kana kwamba umechipuka moyoni mwa mtu kama uyoga usiku mmoja. Makada wetu wanalijua jambo hili kwa nadharia. Lakini nadharia hiyo tunaiacha mlangoni tunapoingia kutazama picha. Humo gizani tunamshangilia stelingi, tunamzomea adui, na tunatoka tumekwisha kumeza bila kutafuna jibu la swali zito: kwa nini mtu huiba? Kila picha ya uhalifu hutoa jibu la swali hilo, hata ile inayodai kwamba ni ya burudani tu. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaoona kwamba kuzihakiki picha za namna hii katika kurasa za itikadi ni kupoteza wino.

Jibu la Hollywood linafahamika, wala hatutakaa nalo sana. Mwaka 1930 wenye makampuni ya filamu ya Marekani walijiwekea kanuni, na kuanzia mwaka 1934 kanuni hizo zikasimamiwa kwa ukali na ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen. Mojawapo ya masharti yake ilikuwa kwamba mtazamaji asifanywe kumwonea huruma mhalifu. Kwa juu juu hilo ni sharti la maadili. Lakini mtu aliyekatazwa kumwonea huruma mhalifu amekatazwa pia kuuliza mhalifu huyo alitoka wapi. Hata kabla ya ukali huo, picha ya Scarface ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Howard Hawks, ilituonyesha mlanguzi wa pombe akiteka soko, akiwafuta washindani wake, akitafuta wateja wapya na kumpindua mkubwa wake wa kazi, yaani akifanya yote yanayofanywa na kampuni kubwa isipokuwa kuwa na leseni. Kisha picha ikamwua na kutuambia kwamba mambo yamekwisha. Soko lenyewe halikuguswa.

Huko Ulaya baada ya vita, Mwitalia Vittorio De Sica alifanya kazi ya heshima zaidi. Katika Ladri di biciclette ya mwaka 1948, Antonio Ricci, mtu asiye na kazi mjini Roma, anapata kibarua cha kubandika matangazo kwa sharti la kuwa na baiskeli. Mkewe anayaweka rehani mashuka ya kitandani ili baiskeli ikombolewe, na kamera inatuonyesha jinsi rafu za duka la rehani zilivyojaa mashuka ya wengine hadi karibu na dari. Hatujui hotuba ya uchumi iliyoeleza ukosefu wa ajira kwa uwazi kuliko rafu zile. Baiskeli inaibiwa siku ya kwanza ya kazi, wakati Ricci akibandika tangazo la picha ya Hollywood. Anamtafuta mwizi, na anapompata anamkuta ni fukara kama yeye, mwenye kifafa. Mwishowe Ricci mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli ya mtu, anakamatwa mbele ya mwanawe mdogo, kisha anaachiliwa. De Sica alimchukua mfanyakazi wa kiwandanda, Lamberto Maggiorani, aigize nafasi hiyo, na mikono yake inaonyesha hivyo. Lawama yetu ni moja. Ricci anaingia katika ukumbi wa wafanyakazi, anapata rafiki wa kumsaidia kutafuta, basi. Chanzo kimeonyeshwa, lakini tabaka halipo. Yupo baba na mwanawe wakipotelea ndani ya umati.

Picha hiyo, hata hivyo, watazamaji wetu wengi hawakuiona. Walizoziona ni za Kihindi. Tangu ukoloni, majumba kama Avalon na Empire ya Dar es Salaam na Majestic ya Unguja yalijaa kwa ajili yake, na wapo watu wazima leo wanaoweza kusimulia Awaara mwanzo hadi mwisho ingawa hawajui Kihindi. Tuanze basi na hiyo Awaara, ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Raj Kapoor kwa hadithi ya mwandishi wa mrengo wa kushoto, Khwaja Ahmad Abbas.

Jaji Raghunath anaamini kwamba mwana wa mwizi lazima awe mwizi, na mwana wa mwungwana awe mwungwana. Kwa imani hiyo amemfunga Jagga kwa kosa ambalo hakulitenda. Jagga analipiza kisasi kwa kumteka mke wa jaji, na jaji kwa kumshuku mkewe mjamzito anamfukuza. Mtoto Raj anazaliwa katika umaskini, analelewa mitaani, na Jagga mwenyewe anamfundisha kuiba ili athibitishe kwamba hata damu ya jaji huweza kutoa mwizi. Hapa kuna pigo la kweli dhidi ya nadharia ya damu, nadharia ile ile ambayo wakoloni waliitumia kutuambia kwamba Mwafrika ni mvivu kwa kuzaliwa. Tena Raj anapopata kazi kiwandani anafukuzwa kwa kuwa aliwahi kufungwa, na kwa tukio hilo fupi tunaelewa jinsi jela inavyozaa wateja wake yenyewe.

Lakini tutazame vizuri. Hoja ya Abbas imejengwa juu ya mtoto wa jaji aliyegeuka mwizi. Mtoto wa mwizi aliyegeuka jaji hatumwoni. Mtazamaji anaweza kutoka akisema, maskini Raj, kumbe alikuwa wa ukoo bora, na huruma yake ikabaki kwa mwungwana aliyepotea njia. Jagga, ambaye ndiye mwana wa mwizi hasa, na ndiye aliyeonewa kwanza, anauawa na hakuna anayemlilia.

Tunafika sasa kwenye picha ambayo, kwa maoni yetu, imekwenda mbali kuliko zote hizi, kisha ikarudi nyuma kwa hofu. Nayo ni Deewaar ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Yash Chopra na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Wengi wanaikumbuka kwa ngumi za Amitabh Bachchan. Sisi tunawaomba wakumbuke inapoanzia, kwamba inaanzia kwenye mgomo.

Baba wa familia ni kiongozi wa wafanyakazi wa mgodini. Mwajiri anawateka mkewe na wanawe wawili, na kwa tishio hilo anamlazimisha kutia sahihi mkataba wa kuwasaliti wenzake. Wafanyakazi, wasiojua yaliyotendeka, wanamgeuzia hasira kiongozi wao. Anaikimbia familia kwa aibu. Watu wenye hasira wanamkamata mwanawe mkubwa, Vijay, na kumchanja mkononi maneno ya kwamba baba yake ni mwizi. Mama anakimbilia Bombay na watoto, wanalala chini ya daraja, naye anabeba matofali kwenye ujenzi.

Wahakiki wengi husema kwamba umaskini ndio uliomfanya Vijay kuwa mhalifu. Kauli hiyo haitoshi, maana mdogo wake Ravi alilala chini ya daraja lile lile akaja kuwa polisi. Kilichomtenga Vijay ni chale ile, na chale ile ni alama ya mgomo ulioshindwa. Mtoto huyu ameona umoja wa wafanyakazi ukivunjwa kwa sahihi moja, na ameona wafanyakazi wasio na elimu ya siasa wakimpiga mtu wao huku mwenye mgodi akistarehe. Akajifunza kwamba kutegemea wenzako ni upumbavu. Anapokuwa kuli wa bandarini, wahuni wanawatoza makuli kodi kila wiki, na kuli mpya anayekataa kulipa anauawa. Wiki inayofuata Vijay naye anakataa. Lakini mtoto huyu wa kiongozi wa chama cha wafanyakazi haitishi mkutano. Anaingia peke yake katika ghala la wahuni, anafunga mlango kwa ndani, na anawapiga wote. Ukumbi hulipuka kwa shangwe hapo, nasi tunakiri kwamba onyesho hilo linasisimua. Ila ni hapo hapo ulanguzi wa dhahabu unapomchukua, kwa sababu mtu mwenye ushujaa wa peke yake ana bei, na tajiri wa magendo anaijua bei hiyo.

Kisha linakuja onyesho ambalo kwa ajili yake tumeandika makala haya. Ravi anamletea kaka yake karatasi ya kukiri makosa, atie sahihi. Vijay anajibu kwamba atatia, lakini kwanza ziletwe sahihi za wengine: ya yule aliyemlazimisha baba yao kutia sahihi, ya yule aliyemdhalilisha mama yao, ya yule aliyemchanja mkono. Kwa dakika moja sinema ya kibiashara imetamka swali la msingi kuhusu sheria yoyote: inaanza kuhesabu makosa kutoka wapi? Ravi anajibu kwamba kuhesabu dhambi za wengine hakupunguzi zako. Jibu hilo ni sahihi kwa mtu mmoja mmoja, na ni la bure kwa jamii. Ndipo mama anaingia kati, akimwambia mwanawe kwamba waliomchanja mkono walikuwa watu baki, lakini yeye aliye damu yake ndiye aliyemwandika mama usoni kuwa mwanawe ni mwizi. Machozi yanatutoka sote, na swali limezikwa. Jambo la mgodini limegeuzwa kuwa jambo la nyumbani. Mwenye mgodi, ambaye ni mteka watu kwa sheria ya nchi yoyote, hafikishwi mbele ya hakimu hata siku moja, na polisi mwadilifu Ravi hamtafuti.

Ufundi huo unarudiwa kwa kijana aliyekwapua mkate. Ravi anampiga risasi, anagundua kilichoibwa, kisha anakwenda nyumbani kwao na chakula. Mama wa kijana anamlaani. Baba, mwalimu mstaafu, anamsahihisha mkewe kwamba wizi ni wizi, uwe mdogo au mkubwa. Ravi anaondoka amepata nguvu ya kumsaka kaka yake. Yaani fukara ametumiwa kuitakasa bunduki iliyompiga mwanawe!

Kwetu jambo hili si la mbali. Mwaka 1983 nchi yetu iliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Baada ya vita vya Kagera na upungufu wa fedha za kigeni, sabuni na sukari zilikuwa zimetoweka madukani na kuonekana kwa walanguzi. Vita ile ilikuwa ya haki, na wananchi waliiunga mkono. Lakini tukumbuke pia jinsi macho ya wengi yalivyovutwa na katoni zilizofukiwa uani kuliko swali la kwa nini viwanda vilikuwa vinazalisha chini ya uwezo wake. Mlanguzi alikuwa adui aliyeonekana, kama katika picha. Na leo mitaani kijana aliyekwapua simu huchomwa moto na kundi la watu kabla polisi hawajafika, wakati mwizi wa kalamu hupita katikati ya kundi hilo hilo kwa gari.

Tungependa Deewaar ionyeshwe katika madarasa ya itikadi, na katika matawi ya vijana ambao sasa hutazama picha kwenye vibanda umiza na simu zao. Mwalimu aisimamishe pale Vijay anapodai sahihi, kabla mama hajafungua mdomo, awashe taa, na awaachie wanafunzi wajadili nani alipaswa kuletwa kwanza na kwa ushahidi gani. Wakimaliza, wautazame mwisho wake. Picha inafungwa kama ilivyofunguliwa, katika sherehe ya polisi, Ravi akitunukiwa nishani. Mama yumo ukumbini. Wachimba migodi hatuwaoni.