Injini ya Wiki Sita ya Charlie Taylor

Wanaosimulia ndege ya Wilbur na Orville Wright ya tarehe 17 Desemba 1903 huipita injini mbiombio: iliwashwa, ikanguruma, ndege ikapaa. Aliyeiunda ni Charles Taylor, makanika wa kuajiriwa katika duka lao la baiskeli mjini Dayton, Ohio. Siku hiyo ya kihistoria hakuwapo Kitty Hawk, ndege iliporukia. Alibaki Dayton kulinda duka.

Na duka ndipo pa kuanzia. Taylor aliwahi kuwa na karakana yake mwenyewe, na ndugu hao walimjua kwa vipuri vya baiskeli alivyowachongea. Juni 1901 walimchukua kwa senti 30 kwa saa. Alikotoka alilipwa 25. Hawakumchukua kwa ajili ya ndege. Walitaka mtu wa kuhudumia wateja wakati wao wako pwani ya North Carolina wakijaribu ndege zisizo na injini. Pesa za majaribio zilitoka kwenye baiskeli, kwa hiyo mlango wa duka ulipaswa kubaki wazi. Kwa mtazamo wangu uamuzi huu wa kibiashara una uzito sawa na hesabu zote za mabawa.

Mwisho wa 1902 ndugu hao waliwaandikia watengenezaji kadhaa wakitafuta injini ya nguvu za farasi 8, isiyozidi kilo 90 hivi. Hawakupata ya kuwafaa, wakaamua kuiunda wenyewe. Karakana ilikuwa na mashine ya kukereza na keekee ya kusimama, zote zikizungushwa kwa mikanda na injini ndogo ya gesi. Michoro rasmi haikuwapo: mmoja wao alichora kipuri kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, Taylor akaichomeka juu ya benchi lake na kuanza kazi. Uzoefu wake wa injini za petroli ulikuwa kuhangaika na moja tu, ya gari.

Kipuri kigumu kuliko vyote kilikuwa krenki, shafti iliyopinda-pinda inayogeuza mwendo wa juu na chini wa pistoni kuwa mzunguko. Viwandani huanza kwa chuma kilichofuliwa kikiwa tayari na umbo lake. Taylor alianza na bamba nene la chuma kigumu, la aina inayotumika kutengenezea zana: urefu wa sentimita 79, upana 15, unene 4. Alichora umbo juu ya bamba, akatoboa matundu yaliyofuatana kandokando ya mchoro, kisha akazibomoa sehemu za ziada kwa nyundo na tindo. Hapo ndipo kipande kilipopanda kwenye mashine ya kukereza. Krenki iliyomalizika ilikuwa na kilo 8.6, zaidi ya robo tatu ya bamba iliishia kuwa chakavu. Njia hii hula muda na chuma, lakini haihitaji mashine ambayo fundi hana. Tena ni njia isiyosamehe: krenki ikiwa kombo kidogo, beringi zitakufa.

Kwingineko Taylor hakujitesa. Injini yenye silinda nne na ujazo wa lita 3.3 hivi ilikosa kabureta, plagi, pampu ya maji na hata kiongeza mwendo. Petroli ilishuka yenyewe kutoka tangi lililowekwa juu, ikaangukia sehemu yenye joto na kugeuka mvuke. Valvu za kuingiza hewa zilifunguliwa na mvuto wa pistoni, bila kisukumio. Cheche zilitoka kwenye vidoti viwili vya chuma vilivyogusana na kuachana ndani ya silinda, na kasi ilirekebishwa kwa kubadili wakati wa cheche. Bloku ilisubiwa kwa alumini katika kiwanda cha mjini hapo hapo, na hiyo ndiyo iliyopunguza uzito.

Baada ya wiki sita, Februari 1903, injini iliwaka. Kesho yake petroli iliyokuwa ikidondoka ilisababisha beringi kukwama, na bloku ikavunjika. Ilibidi kusubu nyingine, miezi miwili ikapotea. Injini iliyoundwa upya ilitoa nguvu za farasi 16 kwa sekunde chache za mwanzo, kisha ikatulia kwenye 12, kwa sababu hewa inayoingia kwenye injini yenye moto hutanuka na kubeba oksijeni kidogo.

Je, 12 ni haba? Samuel Langley, aliyepewa dola 50,000 na Idara ya Vita ya Marekani ili aunde ndege, alikuwa na injini ya Charles Manly yenye nguvu za farasi 52 na uzito usiopita sana ule wa Taylor. Kiufundi, ile ya Manly ilikuwa bora mno. Tarehe 8 Desemba, siku tisa kabla ya Kitty Hawk, ndege ya Langley ilitumbukia mtoni Potomac. Akina Wright walikuwa wamekokotoa rafadha zao vizuri hivi kwamba injini haikulazimika kuwa ya ajabu. Ilitakiwa iwe nyepesi na iendelee kunguruma kwa dakika moja. Safari ndefu kuliko zote ya tarehe 17 ilikuwa ya sekunde 59.

Mwaka 1904 majaribio yalihamia Huffman Prairie, malisho nje ya Dayton yaliyotolewa bure na mwenye benki, kwa sharti kwamba ng'ombe na farasi waondolewe kwanza kabla ya kuruka. Hapo Taylor alishika injini, banda, mafuta na zana, na wapo wanaomwita meneja wa kwanza wa uwanja wa ndege. Cheo hicho kinaweza kubishaniwa. Kazi zenyewe hazina ubishi: ni zile zile za mwenye uwanja mdogo wa leo, ambaye asubuhi anakagua injini, mchana anauza mafuta, na kabla ya ndege kutua anatoka kufukuza mifugo.

Alitaka kujifunza urubani, lakini mabosi wake hawakuwa tayari kumpoteza makanika. Mwaka 1911, rubani Cal Rodgers alipojiandaa kuvuka Marekani kwa ndege toka New York hadi California, alimpa Taylor dola 10 kwa siku pamoja na gharama, wakati akina Wright walimlipa 25 kwa wiki. Taylor akapanda treni iliyojaa vipuri. Ndege ilianguka mara nyingi njiani, na ilipofika Pasadena sehemu chache sana zilikuwa zile ilizoanza nazo safari.